Mtoto anayetaka kusomea ubongo asichaguliwe chuo kwa jina la shahada

Kwa Mhariri,

Msimu wa kuchagua kozi umefika, na huku kwetu Mombasa simu za wazazi zimeanza. Wanaojua kwamba mimi ni fundi wa maabara katika shule ya upili huku Kisauni hunipigia kuniuliza chuo gani ni kizuri, kana kwamba chuo kikiwa kizuri kwa uhasibu basi ni kizuri kwa kila kitu. Safari hii swali limetoka nyumbani kwetu. Binti ya dadangu amemaliza kidato cha nne, alama zake za Biolojia na Kemia ni za kujivunia, na anataka kusomea ubongo: seli za neva zinavyopashana habari, na kwa nini wakati mwingine habari hizo zinavurugika. Nimekaa naye jioni nyingi tukipekua vyuo vya hapa na vya ng'ambo, na niliyoyaona yamenifanya nikuombe nafasi katika ukurasa wako.

Watu wetu wanachagua chuo kwa jina litakaloandikwa kwenye cheti. Kwa sayansi hii, njia hiyo inawapotezea watoto miaka na kuwamalizia wazazi mali. Cha kutazama ni kazi atakayoifanya mwanafunzi kwa mikono yake, na ni nani atakayekuwa karibu naye akiifanya.

Mpwa wangu hakuipata hamu hii kwenye televisheni. Mdogo wake alishikwa na malaria kali kabla hajaanza shule, degedege likampiga usiku mzima, akafikishwa hospitali akiwa hajitambui. Alipona, tunamshukuru Mungu, lakini baadaye kifafa kikaanza. Mtaani kila mtu alikuwa na lake la kusema. Kuna waliotaja jini, kuna waliotuletea kombe, yale maji ya dua, anywe, na wote walikuja kwa mapenzi. Msichana ndiye aliyekuwa akimhesabia ndugu yake vidonge kila jioni. Siku moja aliponisindikiza kituoni akaniuliza: "Mjomba, malaria si iko kwenye damu? Sasa ubongoni iliingiaje?"

Swali hilo lina jibu. Chembe nyekundu za damu zilizoingiwa na vimelea hunata kwenye kuta za mishipa midogo kabisa ya ubongo, damu ikashindwa kupita vizuri, na seli za neva zilizo jirani zikaumia. Lakini kila jibu lilizaa swali jingine, na ilipofika wakati wa kujaza fomu alikuwa ameshaamua. Tulipofungua tovuti ya KUCCPS, shirika linalogawa nafasi za vyuo hapa Kenya, akaandika jina la fani yake, sayansi ya neva, kwa kila namna aliyoijua, na hakuona alichokitafuta. "Basi nchi hii haina," akasema, na nikaona uso wake umebadilika.

Hapo ndipo jamaa mmoja alipotuelekeza kwa ajenti mwenye ofisi mjini. Sitamtaja, kwa sababu hayuko peke yake. Alitupokea vizuri, akatupa maji, akatandaza mezani vitabu vya picha: majani ya kijani, wanafunzi wanacheka, na jina la shahada limeandikwa kwa herufi kubwa, sayansi ya neva kamili kuanzia siku ya kwanza. Nikamuuliza mwaka wa kwanza wanasoma nini. Nikamuuliza kwa wiki mwanafunzi anaingia maabara saa ngapi, na mradi wa utafiti wa mwaka wa mwisho ni wa lazima au wa hiari. Akanieleza habari za mabweni, kazi za jioni na baridi. Nikarudia maswali yangu, naye akarudi kwenye mabweni. Kisha akataja ada ya kufungua faili, ambayo hairudishwi, na amana ya chuo ambayo ilitakiwa ilipwe kabla ya mwisho wa mwezi. Dadangu ni fundi cherehani, anashona sare za shule. Alikuwa tayari kuuza kiwanja cha Mtwapa alichoachiwa na marehemu mumewe. Nilimwomba asubiri, na bado namwomba kila mzazi aliye katika hali kama hiyo asubiri mpaka ayaone majibu kwa maandishi.

Kuhusu jina lenyewe, hebu tuwatazame wale tunaowaona ndio wakubwa. Anayeingia Cambridge kusomea sayansi za uhai hapewi shahada iitwayo sayansi ya neva. Anaingia katika Sayansi Asilia, anachanganya masomo kadhaa ya sayansi pamoja na hisabati, na fani ya neva anaweza kuichagua afikapo mwaka wa tatu. Edinburgh, kama ilivyo desturi ya Uskoti, shahada ni ya miaka 4. Miaka ya mwanzo ni sayansi pana za mwili na uhai, na ubongo unachukua nafasi yake kamili mwishoni. Marekani pia ni miaka 4, na vyuo vingi havimlazimishi mwanafunzi kutaja somo lake kuu mpaka mwaka wa pili. Ni kweli University College London, Bristol, Manchester na Glasgow wana shahada zenye jina hilo, na ni shahada za kuheshimika. Lakini fungua ratiba zao usome mwaka wa kwanza: utakuta kemia ya seli, anatomia, fiziolojia, jeni, takwimu. Mtoto aliyeanza na baiokemia, yaani kemia ya viumbe hai, katika chuo cha hapa Kilifi na aliyeanza na sayansi ya neva London wanaweza kuwa wanafungua sura zilezile katika mwezi uleule.

Wala umaarufu wa chuo si dhamana. John O'Keefe wa University College London alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2014 pamoja na May-Britt Moser na Edvard Moser wa Norway, kwa kugundua seli zinazomwezesha mnyama kujua yuko mahali gani. Ni kazi kubwa, na chuo kina haki ya kuitangaza. Swali la mzazi ni jingine: mwanangu akiwa na umri wa miaka 20, amekwama kwenye jaribio lake saa kumi jioni, nani atamsogelea?

Mhariri, naomba wasomaji wanivumilie kidogo katika jambo hili la maabara, maana ndiyo kazi yangu.

Niliponunua ngisi pale soko la samaki nikamleta mpwa wangu mezani, nilitaka ajue kama ni sayansi yenyewe anayoipenda au ni habari zake tu. Ngisi lazima awe mbichi wa asubuhi hiyo. Tukamlaza kwenye trei ya nta, tukampasua vazi lake la nyama kwa urefu upande wa chini, tukalifungua na kulibana kwa pini. Kifuko cha wino tukakitoa pole pole kisije kikapasuka na kuchafua kila kitu. Matamvua yakaonekana, na nyuma yake, kwenye ukuta wa ndani wa vazi, kila upande, kuna kifundo kidogo cha neva chenye umbo la nyota. Kutoka kwenye nyota hiyo nyuzi nyeupe zinatawanyika. Ule mnene kuliko wote unateremka kuelekea kwenye mapezi, na ndani yake mna aksoni moja, yaani mkono mrefu wa seli ya neva, ambayo kwa ngisi wakubwa inaweza kufika unene wa milimita moja. Zetu sisi binadamu, hata zilizo nene kabisa, ni kama sehemu moja ya hamsini ya milimita. Ngisi anauhitaji unene huo ili amri ya kukimbia imfikie mwili mzima kwa kasi, abane maji na kujirusha nyuma.

Ni kwa sababu ya unene huo kwamba vijana wawili wa Cambridge, Alan Hodgkin na Andrew Huxley, waliweza mwaka 1939, katika maabara ya bahari ya Plymouth, kupenyeza elektrodi nyembamba, yaani kipitisha umeme cha kupimia, ndani ya aksoni ya ngisi na kupima umeme wa neva kutoka ndani. Vita vikawakatiza. Mwaka 1952 wakatoa maelezo kamili: sodiamu inaingia, potasiamu inatoka, na wimbi la umeme linasafiri. Huxley alipiga hesabu zake kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono, kwa kuwa kompyuta ya chuo wakati huo haikuwa ikifanya kazi. Mwaka 1963 wakapewa Tuzo ya Nobel pamoja na John Eccles.

Mpwa wangu alikaa na lenzi ya mkono mpaka mkono ukafa ganzi. Alikata uzi wa kwanza kwa bahati mbaya, akaomba tufungue upande wa pili. Kisha akasema, "Mjomba, hapa pana fizikia na hisabati tupu." Nikamwambia, naam mwanangu, na ndiyo maana tutatazama ni chuo gani kitakufundisha hizo pia.

Hilo ndilo jambo ambalo vitabu vya picha havisemi. Sayansi ya ubongo ya leo inataka kemia ya kutosha, fizikia ya umeme, takwimu, na kuandika programu za kompyuta, kwa sababu ubongo wa binadamu una seli za neva zinazokadiriwa kuwa bilioni 86 na hakuna atakayezifuata kwa kalamu. Chuo kinachomruhusu mwanafunzi kumaliza bila kugusa takwimu kimempa nusu ya kazi. Ukisoma ratiba, tafuta somo la takwimu katika miaka 2 ya mwanzo, tafuta somo la kompyuta, tafuta saa za maabara zilizoandikwa kwa namba. Tafuta mradi wa mwaka wa mwisho ambao mwanafunzi mwenyewe anakusanya vipimo na kuviandikia. Manchester, kwa mfano, inamruhusu mwanafunzi wa fani hii kuchukua mwaka mzima nje ya chuo akifanya kazi katika maabara ya utafiti au kampuni kabla hajamaliza. Kitu kama hicho kina uzito kuliko majani ya kijani.

Pesa nazo zizungumzwe bila aibu. Karo ya mwanafunzi wa kigeni katika shahada ya sayansi ya maabara kwenye vyuo vikubwa vya Uingereza hupita pauni 25,000 kwa mwaka, yaani zaidi ya shilingi milioni 4, bila chakula wala kodi. England shahada ni ya miaka 3, lakini vyuo vingi vya huko humtaka mwenye KCSE pekee, yaani mtihani wetu wa kidato cha nne, apitie kwanza mwaka wa maandalizi, kwa hiyo mzazi wa Kenya apige hesabu ya miaka 4. Maombi hupitia UCAS, mfumo wa pamoja wa vyuo vya Uingereza, na mwombaji anachagua hadi vyuo 5 kwa fomu moja. Anaweza kujaza mwenyewe hapa nyumbani kwenye kompyuta ya saiba, hahitaji ajenti wa kumfungulia faili.

Marekani kuna mlango ambao wengi hawaujui. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst humpima mwombaji, hata wa kutoka nje, bila kutazama mfuko wa wazazi wake, na wakimkubali wanafidia pengo lote la pesa. Amherst ni chuo kidogo kilichokuwa miongoni mwa vya mwanzo Marekani kuwa na sayansi ya neva kama somo kuu la shahada ya kwanza, tangu miaka ya 1970. Lakini mlango wenyewe ni mwembamba: Harvard huchukua chini ya waombaji 5 katika kila 100. Mtoto ajaribu, aandike maombi yake vizuri, na asilaze fomu ya KUCCPS akingoja jibu la Marekani.

Afrika Kusini nayo ifikiriwe. Huko shahada ya sayansi ni miaka 3, halafu mwaka mmoja wa Honours ambapo mwanafunzi anazama katika fani moja. Chuo Kikuu cha Cape Town kina taasisi yake ya sayansi ya neva pale kwenye Hospitali ya Groote Schuur, ambako madaktari, wagonjwa na watafiti wako chini ya paa moja.

Sasa nirudi nyumbani, kwa sababu hapa ndipo ninapoumia zaidi.

Kutoka Mombasa hadi Kilifi ni kilomita kama 60. Mtoto wa Kisauni anapanda matatu asubuhi na kurudi kabla ya magharibi. Hapo Kilifi, kando ya hospitali ya kaunti, tangu mwaka 1989 upo mpango wa utafiti wa KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na Wellcome Trust, wafadhili wa utafiti wa afya wa Uingereza. Hapo ndipo watafiti, akiwemo Profesa Charles Newton, walipowafuatilia watoto wa Giriama na Kauma na wengineo waliopona malaria ya ubongo, wakaonyesha dunia kwamba kupona homa si mwisho wa habari: baadhi hubaki na kifafa, wengine na shida ya kusema au kukumbuka. Hapo Kilifi pia ndipo Profesa Amina Abubakar na wenzake walipotengeneza kipimo cha makuzi ya watoto wadogo kinachoitwa Kilifi Developmental Inventory, kwa vile vipimo vya Ulaya vilikuwa vikimuuliza mtoto wa kijijini habari za vitu asivyowahi kuviona. Jina la Kilifi limeandikwa katika majarida ya sayansi ya ubongo duniani kote. Na mpwa wangu, ambaye mdogo wake ana maradhi yaleyale yaliyochunguzwa hapo, alikuwa hajawahi kusikia habari zake shuleni. Hakuna mtu aliyemwambia. Nimefanya kazi shuleni maisha yangu yote ya kazi, na najua kwamba siku ya ushauri wa kozi tunawagawia watoto karatasi ya alama za chini za kuingilia na kuwaambia wawahi.

Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi hiyo hiyo, ukishavuka daraja. Kina baiokemia, na kina uhusiano wa kazi na watafiti wa KEMRI. Anayetaka kujua ubongo anaweza kuanza na baiokemia pale, akawania nafasi ya mafunzo ya kazini kwa watafiti, akamaliza shahada akiwa amewahi kushika sampuli za kweli na kuona takwimu za kweli. Moi, kule Eldoret, wana shahada ya saikolojia ya tiba ndani ya kitivo cha udaktari, na kwa mtoto anayevutwa na tabia, kumbukumbu na maradhi ya akili hiyo ni njia ya kufikiriwa. Nairobi kuna njia ya tatu ambayo wazazi wengi hawaijui: mwanafunzi wa udaktari katika Chuo Kikuu cha Nairobi anaweza kukatiza kidogo masomo yake akafanya shahada ya sayansi katika anatomia, fiziolojia au baiokemia, halafu akarudi kuendelea na udaktari. Mtu aliyepita hapo anamjua mgonjwa na anajua maabara. Kwa fani ya neva huo ni utajiri.

Na hapa nazungumza na wazee wenzangu. Tulipokutana nyumbani kuzungumzia jambo hili, ami yake wa Majengo alikuwa na swali moja tu: "Si atakuwa daktari?" Lilikuwa swali la haki, kwani familia imetoa na itatoa. Jibu ni kwamba shahada ya sayansi ya neva haimfanyi mtu kuwa daktari. Haimpi ruhusa ya kuandika dawa. Anayetaka kukaa na mgonjwa wa kifafa na kumtibu asomee udaktari kwa miaka 6, kisha abobee. Anayetaka kujua kwa nini dawa ile ile inamtuliza mtoto mmoja na inashindwa kwa mwingine, huyo ndiye mtu wa maabara, na ajue tangu mwanzo kwamba shahada ya kwanza ni mwanzo tu. Mbele kuna ya pili na huenda ya tatu. Kwa hiyo familia ya kipato cha kawaida ikimaliza kiwanja kwenye shahada ya kwanza, ya pili italipwa na nini? Shahada za juu za sayansi zina wafadhili wengi kuliko ya kwanza, na mwanafunzi aliyesoma vizuri hapa nyumbani akiwa na mradi mzuri na barua ya msimamizi anayemjua anaweza kwenda Cape Town au London akilipiwa. Hesabu hii ilimtuliza ami kuliko maneno yangu yote ya ngisi.

Kazi ipo, wala sisemi hivyo kumpa mtoto moyo. Shirika la Afya Duniani linasema watu kama milioni 50 duniani wana kifafa, na kwamba hadi 70 katika kila 100 wangeweza kuishi bila kuanguka wakigunduliwa na kutibiwa ipasavyo. Sisi watu wa Pwani tunawajua hao 70. Ndio wale waliotolewa shule kwa kuogopwa, waliochomwa na jiko la makaa wakianguka, waliokatazwa kuvua peke yao. Kuna dawa za kifafa ambazo ni za zamani na bei yake ni nafuu. Kinachokosekana ni watu wa kutosha wanaoujua ubongo na wanaoijua lugha ya nyumba hizo kwa pamoja. Mtafiti anayeweza kukaa kwenye mkeka na bibi wa Ganze na kumuuliza degedege lilianza vipi, bila mkalimani, hapatikani kwa kuagizwa Ulaya.

Kwa hiyo nina maombi. Serikali za kaunti za Mombasa na Kilifi zinapogawa basari, zimfikirie pia mwanafunzi wa sayansi za msingi, maana nimeshuhudia wazazi wakivunjwa moyo wakiambiwa baiokemia "haina kazi". Walimu wakuu wafungue maabara. Shule nyingi zina darubini zilizofungiwa kabatini zikingoja mtihani wa taifa, na mtoto anafika kidato cha nne akiwa amechora seli mara nyingi lakini amezitazama mara chache mno. Huhitaji vifaa vya bei kubwa kuanza habari za neva. Wale vijinzi wadogo wanaozunguka maembe yaliyoiva, wanasayansi duniani wanawatumia kuchunguza ubongo, na mtandao wa TReND in Africa umekuwa ukiwafundisha Waafrika kuwatumia katika maabara zenye bajeti ndogo. Tuna maembe na tuna nzi. Na sasa wanafunzi wa mtaala mpya wanachagua mkondo wa masomo wakiingia Gredi ya 10, maana yake uamuzi umesogezwa nyuma hadi kwa watoto wa miaka 15. Watawezaje kuchagua kisichowahi kuonekana machoni mwao?

Wazazi wenzangu nao, kabla ya kulipa shilingi, mwandikieni barua pepe mkuu wa idara ya chuo mnachokifikiria. Mtoto aandike mwenyewe. Mpwa wangu aliandikia idara kadhaa, za hapa na za nje. Kuna zilizonyamaza. Kuna mhadhiri mmoja, wa chuo ambacho hakimo katika orodha ya mtu yeyote mtaani kwetu, aliyemjibu kwa kirefu, akamweleza wanafunzi wake wa mwaka wa mwisho walifanya miradi gani mwaka uliopita na vifaa gani vimeharibika kwa sasa. Barua hiyo tumeisoma mara nyingi zaidi kuliko vitabu vyote vya picha, na chuo hicho sasa kiko juu katika fomu yake. Kiwanja cha Mtwapa hakijauzwa.

Mwisho nawaomba wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Pwani na wa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa wanaosoma gazeti hili watujibu hapa hapa, kwa Kiswahili, ili kila mzazi aelewe. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza katika idara zenu anaingia maabara saa ngapi kwa wiki? Wangapi hupata nafasi ya kufanya mradi na watafiti wa Kilifi, na wanachaguliwaje? Mna mpango wa kuanzisha somo la neva, hata liwe moja tu la mwaka wa tatu, kwa kuwa wagonjwa wako hapa, watafiti wako hapa na watoto wanaolitaka wako hapa? Na je, mtaruhusu wanafunzi wa kidato cha nne na wale wa Gredi ya 10 waje siku moja waone maabara zenu kabla ya kujaza fomu? Mkitupa tarehe, mimi nitawaleta wa shule yetu.

Fundi wa maabara,
Kisauni, Mombasa